Maisha ya Marehemu Mbaraka Mwinshehe, Mpiga Gitaa wa Mkoa Wetu

Katika kurasa za magazeti ya shule tumezoea kusoma habari za majemadari, wafalme na viongozi wa siasa. Hilo ni jambo jema. Hapa kwetu bonde la Rufiji hatuwezi kumsahau Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye jina lake limo katika vitabu vya historia kwa ajili ya Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Lakini nchi haijengwi kwa vita na hotuba peke yake. Watu hulima, huvua, hufundisha, na jioni inapoingia huimba. Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Basi nimeona inafaa nami nimtunze mtu mmoja wa mkoa wetu wa Pwani, ambaye wazee wetu wanamjua vizuri, lakini sisi vijana wengi wetu twajua nyimbo zake bila kujua mwenyewe alikuwa nani. Mtu huyo ni marehemu Mbaraka Mwinshehe Mwaruka.

KUZALIWA KWAKE

Mbaraka Mwinshehe alizaliwa tarehe 27 Juni 1944 katika kijiji cha Mzenga, Wilaya ya Kisarawe. Msomaji wa Kibiti asidhani kwamba Mzenga ni mbali. Kisarawe ni jirani yetu upande wa kaskazini, na wote tumo katika mkoa mmoja. Mihogo, mikorosho na minazi ya huko ni ile ile tuijuayo huku, na ngoma za harusi na za unyago za Wazaramo na Wandengereko zina undugu ambao hata mgeni aweza kuusikia. Mtoto aliyezaliwa katika nchi ya namna hiyo hakuhitaji kupelekwa shule ili ajue mdundo ni kitu gani. Aliusikia tangu akiwa amebebwa mgongoni.

Mwaka ule wa 1944 Tanganyika ilikuwa bado chini ya utawala wa Waingereza, na Vita Kuu ya Pili ilikuwa haijakwisha. Askari wetu wengi wa kikosi cha King's African Rifles walikuwa wamepelekwa kupigana Burma. Waliporudi nyumbani walirudi na mambo mengi waliyoyaona, na mojawapo lilikuwa ni kupenda muziki wa magitaa na dansi. Mbaraka alikulia katika nyakati hizo. Alipokuwa na umri wa miaka kumi chama cha TANU kiliundwa, na alipokuwa na miaka kumi na saba nchi ikapata Uhuru. Kwa hiyo alikuwa kijana pamoja na taifa lake, na jambo hili laonekana wazi katika kazi zake zote.

MJI WA MOROGORO NA MUZIKI WA JAZI

Mji uliomlea Mbaraka katika muziki ni Morogoro. Mji huu uko chini ya milima ya Uluguru, kiasi cha kilomita 190 kutoka Dar es Salaam, na reli ilifika hapo mwaka 1907. Kandokando yake yalikuwako mashamba makubwa ya katani yaliyoajiri watu wa makabila mengi. Mahali penye reli na mashamba pana mishahara ya mwisho wa mwezi, na penye mishahara pana watu watakao kucheza dansi siku ya Jumamosi. Ndiyo sababu Morogoro, ingawa ulikuwa mji mdogo ukilinganishwa na Dar es Salaam, ulipata bendi mbili zilizovuma nchi nzima.

Hapa yafaa nieleze jambo moja kwa ajili ya wasomaji wadogo. Bendi nyingi za zamani ziliitwa jazi: Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, Morogoro Jazz. Lakini muziki wao haukuwa ule wa watu weusi wa Marekani uitwao jazi. Ulikuwa ni muziki wa dansi uliotokana kwa sehemu kubwa na santuri za kutoka Cuba zilizoletwa Afrika tangu miaka ya 1930, ukachanganywa na midundo ya kwetu na maneno ya Kiswahili. Wenyeji walipousikia ule mdundo wa Cuba walitambua kitu chao ndani yake, nayo ni kweli, maana wale watu wa Cuba waliutoa kwa babu zao waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika. Mali ilirudi kwa mwenyewe.

Bendi ya kwanza kati ya zile mbili za Morogoro ilikuwa Cuban Marimba ya marehemu Salum Abdallah, mtunzi hodari aliyependwa sana. Bwana huyu alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, na bendi yake ikaongozwa baadaye na Juma Kilaza. Bendi ya pili ilikuwa Morogoro Jazz. Mashabiki wa bendi hizi mbili walishindana kama washindanavyo leo mashabiki wa Simba na Yanga. Ushindani huo uliwafaa sana wapigaji, kwa maana hakuna aliyeweza kulala. Wiki hii wenzako wakitoa wimbo mpya, wiki ijayo yakupasa nawe uwe na wako.

KUINGIA MOROGORO JAZZ

Mbaraka aliacha masomo ya sekondari akafuata muziki, na katikati ya miaka ya 1960 akajiunga na Morogoro Jazz. Najua kwamba mahali hapa wazazi na walimu watakunja uso. Mwanafunzi wa kidato cha nne, ambaye mtihani wa taifa unamngoja, anaandika habari za mtu aliyeacha shule! Basi naomba nisikilizwe kidogo.

Kwanza, nyakati zile shule za sekondari zilikuwa chache mno. Kijana aliyeacha nafasi yake aliacha kitu cha thamani kubwa, na bila shaka jamaa zake walisikitika. Sisemi kwamba alifanya vema, wala simwambii mwenzangu yeyote wa bwenini afungashe sanduku lake. Pili, tutazame aliacha masomo akaenda kufanya nini. Hakwenda kukaa kijiweni. Alikwenda kwenye kazi iliyodai mazoezi ya kila siku, utii kwa kiongozi wa bendi, safari ndefu za usiku katika barabara za vumbi, na ujira mdogo. Mtu akitaka kumtaja Mbaraka kuwa ni sababu ya kutoroka shule, kwanza aoneshe vidole vyake kama vina sugu za nyuzi.

Kwa muda usio mrefu kijana huyu akawa mpigaji wa gitaa la solo, mwimbaji na mtunzi, kisha akawa kiongozi wa Morogoro Jazz. Nyakati zile wapiga gitaa wa Kongo ndio waliokuwa walimu wa Afrika nzima, hasa Franco na Dokta Nico, ambao muziki wao ulisikika redioni kila mahali. Mbaraka alijifunza kwao kama walivyojifunza wengine. Lakini hakukaa kuwa mwangwi wao. Alipata sauti yake mwenyewe, gitaa lenye kusema polepole na kwa ufasaha kama mzee anayetoa shauri, kisha likachangamka wakati wa kucheza ulipofika. Wako waliomlinganisha na Franco, wakasema Franco wa Tanzania ndiye huyu.

JINSI BENDI INAVYOFANYA KAZI

Ili tuelewe kazi ya mtu huyu, yatupasa tujue bendi ya dansi imepangwaje. Watu wengi husikia wimbo kama kitu kimoja, kama vile mtu aonavyo nyumba asifikiri habari za boriti na fito zilizomo ukutani.

Gitaa la solo ndilo linaloimba pamoja na mwimbaji. Mwimbaji anapopumzika, solo hujibu. Hii ndiyo kazi aliyoifanya Mbaraka, na kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji pia, aliweza kujiuliza swali kwa mdomo na kujijibu kwa vidole. Gitaa la ridhimu hupiga mafungu yale yale ya sauti bila kuchoka, ili wachezaji wasipoteze hatua. Halafu liko gitaa la besi, lenye nyuzi nne nene na sauti nzito. Mpiga besi hatazamwi sana na watu. Husimama nyuma karibu na ngoma, na mara nyingi hata jina lake halijulikani. Hata hivyo bila yeye wimbo wote huyumba. Wenzetu wa Salale na Mbwera wataelewa nikisema kwamba besi ni kama mizizi ya mkoko katika matope ya delta. Mpita njia kwa mtumbwi huona majani tu, lakini maji yakija kwa nguvu, mizizi ndiyo ishikayo nchi. Juu ya haya ziko tumba, manyanga na ngoma, na katika bendi nyingi yako pia masaksafoni au matarumbeta ya kupamba.

Basi kiongozi wa bendi ni mtu wa namna gani? Ni mtu ambaye huwasikia wote hawa kwa wakati mmoja. Lazima ajue kwamba besi imechelewa kidogo, kwamba mwimbaji wa pili ana kikohozi, kwamba wachezaji ukumbini wamechoka na wanataka wimbo wa polepole. Tena lazima awalipe watu, awapatanishe wanapogombana, na atafute gari la kwenda mji wa pili. Sifa huja kwa mtu mmoja, lakini wimbo ni kazi ya watu wengi. Twapomsifu Mbaraka tuwakumbuke na wenzake.

Kila bendi ilikuwa na mtindo wake wenye jina, ili watu wautambue. NUTA Jazz walikuwa na Msondo, Western Jazz walikuwa na Saboso. Jina la mtindo lilikuwa kama bendera. Mtu alipoulizwa anakwenda wapi jioni, hakutaja bendi, alitaja mtindo.

NYIMBO ZAKE NA TAIFA

Mwaka 1967 lilitolewa Azimio la Arusha, na nchi ikaingia katika siasa ya Ujamaa na Kujitegemea. Miaka ile mambo mengi yalibadilika upesi. Hapa Rufiji, baada ya mafuriko ya mwaka 1968, watu wengi waliokuwa wakiishi bondeni karibu na mto walihamishiwa katika vijiji vya nchi ya juu, kazi iliyoitwa Operesheni Rufiji. Watu waliacha mashamba ya mpunga ya babu zao wakaanza upya mahali penye kiu. Katika mabadiliko kama hayo watu huhitaji kitu cha kuwaunganisha, na Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa ni mojawapo ya vitu hivyo. Redio moja ilisikilizwa na nyumba nyingi. Katika redio hiyo ndimo sauti ya Mbaraka ilimoingia kila pembe ya nchi.

Mbaraka aliimba habari za taifa kama raia anayejali mambo ya nchi yake. Mfano mzuri ni wimbo wake uitwao Dr. Kleruu. Dokta Wilbert Kleruu alikuwa Mkuu wa Mkoa wa Iringa. Tarehe 25 Desemba 1971 aliuawa kwa kupigwa risasi na mkulima mmoja huko Isimani, katika ugomvi uliotokana na mambo ya ardhi na siasa ya vijiji. Habari hii ilitikisa nchi nzima. Mbaraka alitunga wimbo wa kumwombolezea, na kwa njia hiyo jambo lililokuwa katika magazeti ya wasomaji likawafikia hata wale wasiojua kusoma. Wanafunzi wa historia tukisikiliza wimbo ule leo, twapata kitu ambacho hakimo katika kitabu, yaani huzuni ya siku zile.

Lakini nyimbo zake nyingi zilihusu maisha ya kila siku: mapenzi, wivu, masengenyo, fedha, ndugu na majirani. Majina yake yenyewe yaonesha: Masimango, Pesa No. 1, Mtaa wa Saba. Wimbo wake Jogoo la Shamba umechukua jina lake katika methali tuliyofundishwa sote tangu shule ya msingi, ile ya jogoo asiyewika mjini. Na mtu huyu aliyetoka Mzenga akaenda kuwika miji mingi alikuwa na haki ya kuitaja methali hiyo kuliko wengi.

Jambo jingine la kusifiwa ni Kiswahili chake. Kilikuwa chepesi bila kuwa cha ovyo. Neno lilikaa mahali pake, na msikilizaji wa Kisumu au Kigoma alilielewa sawasawa na msikilizaji wa Kisarawe. Walimu wetu wa Kiswahili hutuambia kwamba fasihi simulizi ni hai. Nadhani nyimbo za Mbaraka ni ushahidi mzuri, kwa sababu ndani yake zimo methali, mafumbo, maonyo na mizaha, yote yakipigiwa gitaa.

SAFARI YA JAPANI

Mwaka 1970 yalifanyika Maonesho ya Dunia katika mji wa Osaka, Japani. Yalianza mwezi Machi, yakaisha mwezi Septemba. Hayo yalikuwa maonesho ya kwanza ya namna hiyo kufanywa katika bara la Asia. Mataifa zaidi ya sabini yalishiriki, na watu walioingia kutazama walikuwa zaidi ya milioni 64. Kila nchi ilipeleka mambo yake ya kujivunia. Wakubwa walipeleka mitambo na habari za safari za mwezini, maana Wamarekani walikuwa wamefika mwezini mwaka uliotangulia.

Tanzania ilishiriki pia, na Morogoro Jazz ikapelekwa huko. Hebu tufikiri kidogo jambo hili. Nchi yetu ilikuwa na miaka tisa tu tangu Uhuru wa Tanganyika. Katika bendi zote ikachaguliwa bendi ya mji wa katani na reli, na kiongozi wake alikuwa kijana aliyetimiza miaka ishirini na sita mwaka ule. Walipanda ndege wakaenda kupiga rumba ya Kiswahili mbele ya watu ambao hawakujua neno hata moja la Kiswahili. Na muziki una bahati hii, kwamba mguu hauhitaji kamusi.

Mbaraka alitunga wimbo kwa ajili ya safari hiyo, nao unaitwa Expo 70. Kwa wengi wa wasikilizaji wake hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kusikia jina la Osaka. Waliporudi, sifa za bendi zilizidi kupanda, na Morogoro ikawa ni mji unaotajwa kwa muziki kabla ya kutajwa kwa katani.

KUANZISHA SUPER VOLCANO

Mwaka 1973 Mbaraka aliondoka Morogoro Jazz akaanzisha bendi yake mwenyewe, iliyoitwa Orchestra Super Volcano. Volcano maana yake ni mlima wa moto, na kwa hakika jina hilo lilimfaa mtu aliyekuwa na mengi yanayochemka ndani yake. Mtindo wa bendi mpya uliitwa Masika. Sisi watu wa Rufiji twajua vizuri masika ni nini. Ni mvua isiyobisha hodi, inayojaza mto na kuwalazimisha watu wote kubadili mipango.

Kuanzisha bendi wakati ule halikuwa jambo jepesi, na hapa ndipo nionapo ujasiri wake mkubwa kuliko hata wa kwenda Japani. Bendi nyingi zilikuwa mali ya klabu, ya chama, ya jeshi au ya shirika la umma. NUTA Jazz, kwa mfano, ilikuwa chini ya chama cha wafanyakazi. Wapigaji wake walilipwa mshahara, na vyombo havikuwa vyao. Kwa kawaida mpigaji aliyeondoka katika bendi aliondoka mikono mitupu, kwa sababu gitaa, vipaza sauti na ngoma vilibaki kwa mwenyewe. Vyombo hivyo vilitoka ng'ambo, navyo vilikuwa ghali na adimu. Kwa hiyo mtu aliyeacha bendi yenye jina ili aanze yake alikuwa kama mvuvi aliyeacha jahazi la tajiri akaenda kuchonga mtumbwi wake mwenyewe, huku watoto wakingoja kitoweo.

Mbaraka alifaulu. Kwa miaka mitano hivi Super Volcano ilisimama katika safu ya mbele ya bendi za Afrika Mashariki. Walizunguka mijini, wakapiga kumbini, wakavuka mpaka kwenda Kenya, na huko wakapendwa kana kwamba ni wenyeji.

SANTURI ZA NAIROBI

Yafaa pia kueleza kwa nini Kenya ilikuwa muhimu hivyo. Radio Tanzania ilikuwa na chumba cha kurekodia, na bendi zote kubwa zilipita hapo. Kanda zile zilipigwa hewani, na wananchi walifurahi. Lakini nchi yetu haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Mwanamuziki aliyetaka nyimbo zake ziuzwe dukani hakuwa na budi kuzipeleka Nairobi, ambako makampuni makubwa yalikuwa na mitambo. Mbaraka alirekodi na kampuni ya Polygram, na santuri zake zikasambaa Kenya nzima. Wimbo wake uitwao Shida uligusa mioyo ya watu wengi kupita kiasi, labda kwa sababu shida ni kitu ambacho kila mtu anacho, awe na fedha au asiwe nazo.

Hapa liko jambo la kusikitisha. Nyimbo zilikuwa za kwetu, sauti ilikuwa ya kwetu, hata maneno yalikuwa ya kwetu, lakini mashine ilikuwa ya watu wengine. Mwenye mashine ndiye aliyehesabu santuri ngapi zimeuzwa. Twasoma katika somo la jiografia kwamba nchi inayouza pamba ghafi na kununua nguo hubaki maskini. Muziki nao ni hivyo hivyo. Sheria mpya ya kulinda hakimiliki za wasanii, iliyoanzisha chama cha COSOTA, ilipitishwa hapa Tanzania mwaka 1999, miaka ishirini baada ya Mbaraka kufariki.

Mwezi Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, mpaka kati ya Tanzania na Kenya ulifungwa. Haukufunguliwa mpaka mwaka 1983. Biashara ilikatika, na ndugu walitengana. Lakini wimbo hauombi pasi wala haukaguliwi forodhani. Katika miaka yote ile ambayo malori yalizuiliwa, watu wa Mombasa waliendelea kucheza Masika, na watu wa Tanga wakaendelea kusikiliza bendi za Kenya. Viongozi walipokuwa hawasemezani, wapiga magitaa walikuwa bado wanazungumza.

KIFO CHAKE

Mbaraka Mwinshehe alifariki mwezi Januari 1979 kwa ajali ya gari mjini Mombasa. Umri wake ulikuwa miaka thelathini na minne tu. Alikufa upande wa pili wa mpaka uliofungwa, katika nchi iliyompenda kama mwanawe, mbali na Mzenga na mbali na Morogoro. Habari hiyo ilipotangazwa nchi mbili zililia kwa pamoja, jambo ambalo siasa ya wakati ule haikuweza kulifanya.

Mtu aweza kuona kwamba watunzi wawili wakubwa wa Morogoro, Salum Abdallah na Mbaraka Mwinshehe, wote wawili walichukuliwa na barabara, mmoja mwaka 1965, mwingine mwaka 1979, na wote walikuwa hawajafikia miaka arobaini. Sisi tunaoishi kando ya barabara kuu ya kwenda Lindi na Mtwara twajua jinsi magari yanavyokwenda mbio usiku. Wapiga muziki ni watu wa usiku na wa safari. Furaha tunayoipata ukumbini, wao huilipia barabarani.

Baada ya kifo chake Super Volcano haikuweza kusimama kama zamani. Bendi iliyotegemea mtu mmoja kwa uimbaji, kwa utunzi, kwa gitaa na kwa uongozi hupata taabu kubwa mtu huyo akiondoka. Kampuni ya santuri ilitoa mfululizo wa nyimbo zake chini ya jina la Ukumbusho, nazo zikauzwa sana. Hata leo, redio zinapopiga zile nyimbo za zamani tuziitazo zilipendwa, haupiti muda mrefu kabla gitaa lake halijasikika.

TUJIFUNZE NINI

Nimeona vijana wenzangu wengi wakidhani kwamba muziki wa wazee ni wa kuchezea harusi za wazee tu. Nawaomba wajaribu jambo moja. Wasikilize wimbo mmoja wa Mbaraka mara tatu. Mara ya kwanza wafuate maneno. Mara ya pili wafuate solo peke yake. Mara ya tatu waache yote wafuate besi, ile mizizi ya mkoko. Wataona kwamba ndani ya dakika chache zile yamo mawazo mengi na kazi nyingi, na kwamba hakuna chombo kinachomkanyaga mwenzake. Kila mmoja anangoja zamu yake. Bweni letu lingekuwa hivyo, viranja wasingekuwa na kazi.

Kwa wazazi na walimu nina neno moja la heshima. Aghalabu mtoto mwenye kipawa cha kuimba au kupiga chombo huambiwa achague: ama kitabu ama gitaa. Mbaraka alilazimika kuchagua, na sisi tumepata nyimbo, lakini hatujui tumekosa nini. Huenda mtu yule akiwa na elimu zaidi angalisoma mikataba yake kwa jicho kali zaidi, na angaliacha mali pamoja na sifa. Basi badala ya kuwafanya watoto wachague, yafaa shule iwe na gitaa moja au mawili na saa moja ya Jumamosi, ili mwenye kipawa asione kwamba shule ni adui yake. Mtoto atakayepata vyote viwili hatakuwa na haja ya kutoroka.

Na kwa sisi wanafunzi, tusichukue katika maisha haya lile tupendalo tu. Kuacha shule ni jambo la siku moja, hata mvivu aweza kulifanya. Kushika gitaa kila siku kwa miaka kumi na mitano, hilo ndilo lililomfanya Mbaraka kuwa Mbaraka. Fizikia na hesabu zina nyuzi zake pia, na vidole vyetu bado ni laini.

Mwenyezi Mungu amlaze marehemu mahali pema peponi, yeye pamoja na wenzake wote waliopiga naye, wale wenye majina na wale ambao majina yao tumeyasahau.